Sura ya Saba: Nakala Iliyojikana

Makala zilikuwa mbili, jina la mwandishi moja, na mtoto wa kitanda namba tisa alikuwa amepewa dawa kwa kufuata ile yenye makosa. Hilo halikuwa na ubishi. Ubishi ulikuwa juu ya makala ya pili, ile iliyo sahihi: ilizaliwa lini?

Mpelelezi wa Baraza la Wauguzi, ambaye hospitali nzima ilishampa jina la Bi Kwanini kabla hajamaliza siku yake ya pili, aliketi kwenye benchi la korido ya wodi ya watoto. Kulia kwake alikaa mama wa mtoto. Kushoto, juu ya meza ndogo, kulikuwa na kompyuta kuukuu iliyofunikwa kitambaa cha maua, na ukutani juu yake bango: SOMA HAPA WAKATI UNASUBIRI. Kijitoto cha watu kilikuwa kimeingiza kichwa chini ya kitambaa na kinabofyabofya vitufe kama anayekamua mbuzi.

"Usinisimulie," Bi Kwanini alimwambia mama. "Fanya kama ulivyofanya siku ile."

Mama alitoa simu yenye kioo kilichopasuka pembeni. Aliandika kwa kidole gumba: *homa mtoto miezi minane kijiko*. Orodha ikashuka. Ya kwanza kabisa ilikuwa ya hospitali hii hii. Aligusa. Ukurasa ukafunguka: picha ya muuguzi, kichwa cha habari "Mtoto Akipata Homa", na katikati ya maelezo, maneno aliyoyatafuta: *kijiko kizima, mara tatu kwa siku*.

"Niliisoma mara mbili," alisema mama. "Nikamwita baba yake naye akaisoma. Tukasema hospitali ndiyo imesema, sisi ni nani tubishe?"

"Chupa ilikuwa na kifuniko rangi gani?"

"Chekundu. Nilipewa hapo hapo kwenye dirisha lenu la dawa."

Bi Kwanini aliandika. Chupa za zamani zilikuwa na kifuniko cheupe. Za kifuniko chekundu zilianza kutolewa miezi mitatu iliyopita, na dawa yake ilikuwa kali maradufu.

"Kwenye chupa hakukuwa na maelekezo?"

"Yalikuwepo. Iliandikwa 'fuata maelekezo ya daktari'." Mama alimtazama usoni. "Nikayafuata."

Bi Kwanini aliyaandika hayo pia.

"Anaendeleaje?"

"Jana alifungua macho. Lakini halii. Leo siku ya kumi na mbili hajalia. Sikuwahi kujua kama kuna siku nitaombea mtoto wangu alie." Aliinyoosha simu tena. "Na huu ukurasa bado upo. Mpaka leo. Kwa nini upo?"

"Ni ushahidi. Mimi ndiye niliyeagiza kisiguswe kitu."

Aliizima simu, akainuka, akarudi ndani kwa mtoto wake.

*

Muuguzi aliyeandika makala hizo aliitwa Sista Kalamu, kwa sababu ya kalamu nyekundu iliyokaa kwenye nywele zake miaka thelathini na moja. Sasa alikuwa nyumbani, amesimamishwa kazi. Bi Kwanini alimkuta sebuleni na pasi mkononi.

"Karibu, mwanangu. Sare zote sita nimeshazipiga pasi. Sasa nimehamia kwenye mapazia. Ukikaa sana utapigwa na wewe."

Aliiweka pasi chini akaketi.

"Makala ya pili, yenye nusu kijiko. Uliiandika lini?"

"Siku ile ile chupa nyekundu zilipofika. Hata koti sikulivua. Nilikwenda kwenye kompyuta ya kliniki, nikaifungua ile ya zamani, nikabofya Nakili. Ikatoka pacha wake. Nikafuta 'kijiko kizima', nikaandika 'nusu kijiko', nikabadilisha tarehe. Maneno mengine yote nikayaacha."

"Kwanini hukusahihisha ile ile ya kwanza? Kwanini nakala?"

Sista Kalamu alimtazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anavaa nguo.

"Wewe umewahi kuwa muuguzi?"

"Miaka minne, kabla ya Baraza."

"Basi uliona wapi faili la mgonjwa likifutwa? Ukikosea, unapiga mstari mmoja, kosa libaki linasomeka. Unaandika lililo sahihi, unaweka saini na tarehe. Anayefuta ana la kuficha. Nimewafundisha wanafunzi hivyo tangu hujazaliwa, nije leo nifute kwa sababu karatasi ni ya umeme?"

"Lakini kwenye ile ya zamani mstari haupo."

"Ndiyo. Mimi naweza kunakili na kuandika, basi. Ya kupiga mistari nilimwambia fundi wa tovuti. Akasema, 'Sista, niachie mimi.' Nikamwachia."

"Na tarehe ya makala mpya uliiandika kwa mkono wako."

"Kwa mkono wangu."

"Mtu anaweza kuandika tarehe yoyote anayotaka?"

"Mtu anaweza," alisema Sista Kalamu. "Mimi siwezi."

Bi Kwanini alifungua faili lake. Hakupenda alichotaka kukisema, ila kazi ni kazi.

"Daktari mkuu ameandika maelezo yake. Tarehe nne, mtoto alipoletwa, alitafuta mtandaoni mbele ya mashahidi wawili. Akaona makala moja tu, ya kijiko kizima. Tarehe kumi na mbili akatafuta tena. Zikawa mbili, na hiyo ya pili ina tarehe ya miezi mitatu nyuma. Anasema uliiandika baada ya mtoto kuumia, ukarudisha kalenda nyuma ili ujiokoe."

"Daktari ana macho mazuri. Sisemi anadanganya."

"Basi unasema nini?"

"Nasema sijui!" Sauti ilimpasuka. "Niliiandika. Niliisoma kwenye kioo siku ile ile, ipo. Ilikuwa wapi miezi mitatu mtu asiione? Sijui, mwanangu. Bora hata ningekuwa mwizi, ningejua nimeficha wapi."

Kikao cha Baraza kilikuwa kesho, tarehe kumi na saba, saa tatu asubuhi. Kwa kuacha makala ya zamani bila mstari, angeonywa. Kwa kughushi tarehe mtoto akiwa kitandani, leseni ingekwenda, na nyuma ya leseni wangekuja polisi.

Bi Kwanini alipokuwa anaaga mlangoni, Sista Kalamu alimshika mkono.

"Mtoto amelia?"

"Bado."

"Akilia mniambie. Hata kama mmeshanifunga, mniambie."

*

Ofisi ya tovuti zamani ilikuwa stoo ya mashuka na bado ilinukia sabuni. Fundi wa tovuti, aliyejulikana kwa jina la Miwani, alikaa mbele ya skrini iliyozungukwa na vikaratasi vya manjano pembe zote, kama manyoya ya kuku aliyenyeshewa. Mkono mmoja wa miwani yake ulifungwa kwa plasta ya hospitali.

"Nieleze kama unavyomweleza bibi yako," alisema Bi Kwanini. "Tovuti hii inafanyaje kazi?"

Swali lilimtuliza. Mafundi wanapenda kuulizwa ufundi.

"Kuna tovuti ambazo ni kama mgahawa, mama. Mteja akija ndiyo anapikiwa. Yetu ni mkate. Kila makala ni faili la maandishi matupu. Nikibonyeza hapa, programu inayasoma mafaili yote kwa mpigo, inayaoka, zinatoka kurasa zilizokwisha kuiva. Tunazipanga kwenye kabati, kila anayekuja anapewa mkate ule ule. Nikibadilisha faili, lazima nioke upya."

"Na makala ikiwa na pacha?"

Fundi alivua miwani, akaipangusa kwa shati.

"Hilo lilikuwa tatizo. Makala moja walikuwa wanaiweka upande wa watoto, upande wa wazazi, na upande wa habari. Mtambo wa kutafutia ukikuta mapacha watatu unachanganyikiwa, haujui umwonyeshe nani. Kwa hiyo kila ukurasa una mstari kichwani mwake. Msomaji hauoni, mtambo unauona. Unasema: kati yetu tunaofanana, mwenye asili ni fulani, anakaa mahali fulani, mwonyesheni yeye. Tunauita kiungo asili."

"Na wale wengine?"

"Wanakaa kabatini. Ukiwa na anwani yao utawaona. Ila ukitafuta, hawatajwi."

Bi Kwanini aliandika maneno hayo yote, akapiga mstari chini ya *hawatajwi*.

"Nionyeshe kiungo asili cha makala ya Sista. Ya nusu kijiko."

Fundi alifungua ukurasa, akashika vitufe viwili pamoja. Maandishi mazuri yakatoweka, ukabaki msitu wa alama. Alimwonyesha kwa kidole. Mstari ulitaja anwani ya ukurasa wenyewe.

"Unajitaja wenyewe," alisema fundi. "Kila kitu sawa."

"Tangu lini?"

"Tangu..." Miwani ikarudi puani. "Tangu mwanzo."

"Nakili makala yoyote. Sasa hivi, nikiona."

Alinakili. Pacha akazaliwa, naye akajitaja mwenyewe.

"Sasa hivi ndivyo inavyofanya," alisema fundi.

"Sasa hivi?"

"Yaani, kila siku."

Bi Kwanini aliandika *sasa hivi* kwenye faili lake.

"Una daftari linaloonyesha nani alibadilisha nini, siku gani?"

"Lipo. Ila lilianza upya tarehe tano. Nilihamisha mafaili, diski ilijaa."

"Mtoto analazwa tarehe nne, diski inajaa tarehe tano."

"Mashine hazina kalenda ya wodini, mama." Alijaribu kucheka. "Kwani nimeshtakiwa mimi? Muulize daktari mkuu. Yeye naye ana neno la siri la kuingilia. Aliye na ufunguo wa nyumba ni zaidi ya mmoja."

Bi Kwanini alikwenda kumuuliza. Ilimgharimu saa nzima. Daktari mkuu alipekua droo ya kwanza, ya pili, ya tatu, akipumua kwa hasira, hadi akatoa bahasha iliyobanwa pini mbili.

"Hilo hapo neno la siri. Alinipa mwaka juzi."

Bahasha haikuwa imefunguliwa. Pini zilikuwa zimeshika kutu.

"Hukuwahi kuingia?"

"Madam, mimi kufungua barua pepe tu naita mtu." Aliirusha bahasha mezani. "Nasikia unatafuta mchawi mwingine. Sista alikuwa muuguzi wangu bora. Ndiyo maana inaniuma. Lakini niliyaona kwa macho yangu: tarehe nne makala moja, tarehe kumi na mbili makala mbili."

"Nakuamini," alisema Bi Kwanini. Na alimwamini kweli. Tabu ilikuwa kwamba alimwamini na Sista pia, na wawili hao hawakuweza kutoshea kwenye kitanda kimoja.

*

Alirudi korido ya watoto ili apate pa kukaa na kufikiri. Kile kijitoto kilikuwa kimeondoka, kitambaa cha maua kimeachwa kimeinuliwa upande mmoja. Pembeni mwa kompyuta, chini ya kitambaa, kulikuwa na karatasi ndogo imebandikwa: *Imejazwa tarehe 1.* Na saini mbili, ya fundi na ya muuguzi wa zamu.

"Dada," alimwita muuguzi wa zamu aliyekuwa anapita na trei. "Hii kompyuta inajazwa nini?"

"Tovuti yetu. Korido hii mtandao haufiki, kwa hiyo fundi anakuja nayo kwenye flashi kila tarehe mosi, anaimwaga yote humo. Tunasaini. Watu wanasoma wakisubiri. Wale wachache wasiocheza karata."

"Katikati ya mwezi anaigusa?"

"Aiguse afuate nini? Ikimkorofisha anatuachia sisi."

Bi Kwanini aliivua kompyuta kitambaa polepole. Tovuti ni mkate, alisema fundi. Unaokwa, unapangwa kabatini. Basi huu hapa ulikuwa mkate wa tarehe mosi, siku tatu kabla mtoto hajaletwa, umesahaulika kwenye kabati ambalo hakuna mtu aliyefikiria kulifungua.

"Usiende, dada. Simama hapa. Na muite mlinzi wa mlangoni naye aje. Nahitaji macho manne."

Walikuja. Mlinzi alivua kofia kana kwamba ni msiba.

Alifungua orodha ya makala za watoto, akashuka nayo kidogo kidogo. Ilikuwepo. "Mtoto Akipata Homa", jina la Sista Kalamu, tarehe ya miezi mitatu nyuma. Alisoma kwa sauti, ili masikio ya mashahidi yashuhudie pia:

"*Nusu kijiko, mara tatu kwa siku.*"

"Sasa si ndivyo Sista alivyosema siku zote?" alinong'ona muuguzi wa zamu, na trei ikagongana na vikombe vyake.

Kwa hiyo makala ilikuwepo kabla ya mtoto kuletwa. Sista hakughushi. Lakini daktari naye hakudanganya. Bi Kwanini aliweka vidole kwenye vitufe viwili alivyoonyeshwa asubuhi, akabonyeza. Msitu wa alama ukatokea. Aliutafuta mstari kwa kidole juu ya kioo chenye alama za mikono ya watoto.

Mstari ulikuwepo. Lakini haukujitaja. Ulitaja anwani ya makala ya kwanza, ya kijiko kizima.

Alisoma mara tatu. Kisha akakaa chini.

Makala ya Sista, iliyo sahihi, yenye kipimo cha kuokoa mtoto, ilikuwa imebeba kichwani mwake ushahidi dhidi yake yenyewe. Kwa miezi mitatu kila mtambo uliokuja kubisha hodi uliambiwa na makala yenyewe: mimi ni nakala tu, msinitaje, mwonyesheni yule. Na yule alikuwa kijiko kizima. Tofauti ya makala hizo ilikuwa maneno mawili kati ya mia sita. Mtambo ungekataa kwa lipi? Uliona mapacha, ukamsikiliza aliyejikana.

Ndiyo maana daktari aliona moja tarehe nne. Na tarehe kumi na mbili aliona mbili kwa sababu katikati ya tarehe hizo mtu aliubadilisha mstari, makala ikaanza kujitaja, na ikachomoza mtandaoni kama imezaliwa jana. Mkono uliorekebisha kosa ndio uliomfanya Sista aonekane mghushi.

Walipiga picha kioo, karatasi ya tarehe na saini. Mlinzi aliandika jina lake kwa herufi kubwa, akauliza:

"Mama, hii maana yake Sista anarudi?"

"Maana yake usiondoke kwenye kompyuta hii mpaka nirudi. Hata akija daktari mkuu."

"Hata akija na mama yake," alisema mlinzi, akavaa kofia.

*

Fundi alipoiona picha kwenye simu ya Bi Kwanini, hakuuliza imetoka wapi. Alivua miwani akaiweka mezani, na bila miwani uso wake ulikuwa mchanga kuliko umri wake.

"Ile ya korido," alisema. "Niliisahau."

"Wewe mwenyewe ndiye uliyenifundisha vitufe. Anza mwanzo."

"Sheria niliiweka mimi. Ukinakili makala, nakala imtaje wa kwanza, yenyewe tu, bila mtu kuigusa. Niliweka kwa ajili ya mapacha. Ilifanya kazi vizuri! Haikunijia akilini kwamba kuna mtu atanakili ili asahihishe. Watu wote ninaowajua wakikosea wanafuta."

"Sista hafuti."

"Sista hafuti," alikubali. "Mtoto alipoletwa nikaenda kuangalia. Nikaona ameandika sahihi, na ukurasa wake wenyewe unawafukuza wasomaji. Mstari wangu. Nikaubadilisha, na sheria nikaibadilisha, ndani ya dakika tano. Nilidhani narekebisha."

"Na daftari la mabadiliko?"

Fundi aliinamia vidole vyake.

"Mwenye kurekebisha hachomi daftari, kijana."

"Niliogopa."

"Na mstari aliokuomba upige kwenye ile ya zamani?"

Fundi aliinua mkono hadi pembeni mwa skrini, kwenye yale manyoya ya kuku, vile vikaratasi vya manjano. Akavua kikaratasi, chini yake kingine, chini yake kingine. Cha nne kilikuwa kimepauka: *Sista – mstari, homa.*

"Kila siku nilikuwa nakiona," alisema.

"Tarehe kumi na mbili Sista anaitwa mghushi. Leo kumi na sita. Siku nne ulikuwa unakula na kulala?"

"Mke wangu anajifungua mwezi ujao. Kliniki yake ni kwa Sista." Alikigeuza kikaratasi. "Kila jioni ananiuliza: kama wamemfukuza, nani atanipokelea mtoto? Na mimi nakaa pale, mama, nasema sijui."

Bi Kwanini alimsogezea karatasi na kalamu. "Andika yote. Ukikosea, piga mstari mmoja. Usifute."

*

Bi Kwanini alimpigia simu Sista Kalamu aje hospitalini, naye akafika amevaa gauni la kawaida, kalamu nyekundu kichwani. Walimkalisha kwenye ofisi ya fundi. Bi Kwanini alimsomea maandishi ya fundi, neno kwa neno, kisha akamwonyesha picha za korido. Alitarajia machozi, au shukrani, au kofi kwa fundi aliyekuwa amejibanza ukutani.

Sista Kalamu alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza jambo moja.

"Ile ya zamani bado ipo?"

Fundi alimtazama Bi Kwanini.

"Nauliza. Kijiko kizima. Mtu akitafuta sasa hivi, anakipata?"

"Zinatokea zote mbili, Sista," alisema fundi. "Ya zamani inatangulia."

"Niliagiza kisiguswe kitu," alisema Bi Kwanini. "Tarehe kumi na tatu. Kwa ajili ya ushahidi."

"Wangapi wameifungua tangu siku hiyo?"

Fundi aliangalia kwenye skrini, na alipotaja idadi aliitaja kwa sauti ya chini kabisa.

"Kumi na mmoja."

Sista Kalamu aligeuka akamtazama mpelelezi wa Baraza. Hakuinua sauti.

"Kwanini?"

Neno lilikuwa la Bi Kwanini mwenyewe. Amelitumia kwa watu maelfu, ameona linavyowatoa jasho. Hakuwahi kulipokea. Kulikuwa na njia: kupiga picha, kuita mashahidi wawili, kisha kuondoa. Dakika kumi. Ndivyo alivyofanya leo koridoni. Mama wa mtoto alimwuliza swali hilo hilo asubuhi, naye akamjibu kwa cheo.

"Sina jibu," alisema. "Nitaliandika hivyo hivyo kwenye taarifa yangu, na jina langu chini. Fundi, piga picha ukurasa. Chapisha. Tusaini wote watatu. Halafu fungua hilo faili."

Walisaini. Fundi alifungua faili la makala ya kwanza. Sista Kalamu alisimama nyuma yake, kidole juu ya bega lake.

"Piga mstari kwenye kijiko kizima. Mmoja. Kisomeke. Andika juu kabisa: hii si sahihi tena, usiifuate, nenda kwenye mpya. Tarehe ya leo."

"Na kiungo asili cha hii ya zamani, nakielekeza kwenye ile yako, Sista. Iseme yenyewe kwamba mwenye ukweli ni yule."

"Sasa ndiyo umenielewa."

Akaoka. Ikachukua sekunde nane.

"Mtambo utachukua siku kadhaa kulijua hilo," alisema fundi. "Ila atakayeufungua, ataona mstari."

"Na waliokwisha kufungua?"

"Hatuwajui. Inahesabu watu, haiandiki majina."

"Dirisha la dawa linaandika," alisema Sista Kalamu. "Kila chupa nyekundu ina jina la mama na namba ya simu kwenye daftari. Lakini mimi nimesimamishwa, siruhusiwi kuligusa."

Bi Kwanini alishafika mlangoni. Alirudi na daftari kubwa lenye jalada la kijani, akalifungua mezani kwenye kurasa za mwezi huu. Majina yalikuwa arobaini na matatu. Sista Kalamu alichomoa kalamu kichwani, akasita, akaiweka mbele ya mpelelezi.

"Piga simu wewe. Nitakwambia cha kuuliza."

Jina la kwanza. Namba ya kwanza. Simu iliita mara nne, mara tano.

"Halo?" Sauti ya mwanamke, imechoka.

"Halo, dada. Ninapiga kutoka hospitali. Usiogope. Ulichukua dawa ya homa hapa, ya kifuniko chekundu. Mtoto anaendeleaje?"

Upande wa pili kulisikika kitanda kikikwaruza. Kisha mwanamke akasema, "Subiri, umemwamsha," na nyuma ya sauti yake, kwa nguvu zote za mapafu, mtoto akaanza kulia.

Sista Kalamu alifumba macho; Bi Kwanini akamsogezea kalamu na daftari, naye akaweka alama ndogo nyekundu mbele ya jina.

"Bado arobaini na wawili," alisema.